Kinya na Makaa ya Angani

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Kinya alikuwa na kazi moja ambayo hakuna aliyemsaidia: kuamsha moto. Nyumbani kwao, kwenye vilima vya juu ya mji wa Meru, kiberiti kiliwashwa mara chache sana. Jioni mama yake alifukia makaa mekundu ndani ya majivu. Asubuhi Kinya aliyafukua, akaweka vijiti vikavu vya mti wa kahawa na kupuliza mpaka machozi yakamtoka. Ulikuwa mwezi wa Julai, baridi imekazana na ukungu umelala juu ya majani ya chai.

"Unapuliza au unanong'ona?" mama yake aliuliza kutoka mlangoni, kikapu cha kuchumia chai kikiwa tayari mgongoni.

"Napuliza, Mama. Yamelala sana leo."

"Yaamshe basi. Nataka kikombe kimoja kabla sijaenda shambani."

Ni makaa hayohayo yaliyompa Kinya wazo lililomtia mashakani.

Kinya alikuwa msichana wa Gredi ya Nane, na katika chama cha sayansi wenzake walimwita Profesa. Jina hilo alilipenda kupita kiasi. Mtoto akishazoea kuitwa Profesa huanza kuona haya kusema kuwa jambo fulani halijui, na Kinya alikuwa amefika hapo zamani.

Siku moja mwanzoni mwa muhula, Mwalimu Kaimenyi aliyesimamia chama hicho aliwaeleza maisha ya nyota. Alisema nyota huzaliwa ndani ya wingu kubwa la gesi na vumbi. Wingu hujivuta, hujibana, na katikati yake hupata joto kali mno hadi gesi ya haidrojeni inageuka kuwa heliamu na mwanga unatoka.

"Nyota kubwa sana ni walafi," alisema, na darasa likacheka. "Zina chakula kingi lakini zinakimaliza haraka, halafu zinalipuka. Nyota ya kadiri kama Jua letu inaishi miaka mabilioni. Mwishowe inavimba, inapoteza gesi yake ya nje, na kinabaki kiini kidogo kinachopoa polepole."

Kisha akawatajia fumbo. Nyota zilizo pembezoni mwa galaksi yetu huzunguka kwa kasi kubwa. Ukijumlisha uzito wa vitu vyote vinavyoonekana, hautoshi kuzishikilia. Ilifaa ziwe zimechopoka na kutawanyika. Lazima kuna kitu kingine kisichotoa mwanga wala kuonekana, lakini kinachovuta.

"Kitu hicho kinaitwa maada ya giza," alisema mwalimu.

"Na hiyo maada ni nini hasa?" aliuliza Makandi, rafiki mkubwa wa Kinya.

Mwalimu hakuwahi kujibu, kwa sababu wakati huohuo aliitwa ofisini. Huko aliambiwa aende Embu kwa mafunzo ya walimu, na hakurudi hadi juma la maonyesho ya sayansi. Darasani wanachama walimgeukia Profesa wao.

Kinya alikumbuka makaa ya mama yake. Huyaoni, lakini yapo chini ya majivu. Wazo likamjia mara moja, zuri na kamili. "Ni nyota zilizokufa," alisema. "Zimezimika zikabaki kama makaa yaliyofukiwa. Mwanga umekwisha, lakini uzito bado upo, ndiyo maana zinavuta."

"Wewe! Una hakika?" Makandi aliuliza, macho yamemtoka.

Hapo Kinya angeweza kusema, "Ninadhani." Ni neno moja tu, wala halina mwiba. Badala yake alisema, "Nimesoma kitabuni."

Hakuwa amesoma popote.

Makandi alikuwa na mradi wake mwenyewe, kuhusu jinsi ya kuhifadhi viazi visioze, na mwaka uliotangulia ulikuwa umesifiwa sana. Lakini alivutiwa na makaa ya angani akauacha. "Viazi vitangoja mwaka ujao," alisema. "Huu wako utatupeleka mbali."

Walijenga kibanda cha fito za mti wa mgrevilea, wakakifunika kwa nailoni nyeusi ya kitalu cha miche. Ndani walifunga gurudumu la baiskeli lililoning'inizwa vipande vya kioo kuwa nyota. Baina ya vioo walitundika makaa kwa nyuzi, mengi sana, mpaka mikono yao ikawa myeusi kama ya wauza makaa. Mtu akichungulia kwenye tundu aliona nyota zinang'aa kwa mwanga wa tochi na kuzunguka, na kwa shida aliona vivuli vya makaa kati yake. Wanafunzi wa madarasa ya chini walipiga foleni kuchungulia. Makandi, mwenye sauti nzuri, angesimama nje kueleza. Kinya angekaa ndani kuzungusha gurudumu.

Jumatatu ya juma la maonyesho, Kinya aliruhusiwa kutumia kompyuta ya shule kutafuta picha ya galaksi. Picha aliipata. Chini yake palikuwa na maelezo, akayasoma kwa raha, kisha akayasoma tena bila raha. Wanasayansi walikuwa wameshazitafuta nyota zilizozimika na vitu vingine vya namna hiyo. Vipo, lakini ni vichache mno, havitoshi hata kidogo. Maada ya giza ni nini, hakuna mtu duniani ajuaye.

Kinya aliizima kompyuta haraka, kana kwamba kuna mtu nyuma yake. Alitoka akaenda moja kwa moja kumtafuta Makandi, akiwa ameazimia kumwambia. Alimkuta nyuma ya darasa akikariri maelezo yake mbele ya ukuta, mkono mmoja kifuani kama mhubiri.

"Sikiza hapa, Kinya," Makandi alisema kabla mwenzake hajafungua kinywa. "Nimemwambia baba yangu kuhusu makaa ya angani. Ameomba ruhusa kazini aje anione! Hajawahi kuja shuleni, hata siku ya wazazi."

"Vizuri," Kinya alisema.

Jioni hiyo alijaribu kumwambia mama. Lakini mama alikuwa ametoka kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, na huko walikuwa wameombea safari ya watoto ya kwenda kwenye maonyesho, majina yao yakitajwa. Alikuwa na furaha kiasi kwamba alikuwa akiimba. Kinya alisukuma chakula chake kando akasema kichwa kinamuuma.

Mwalimu Kaimenyi aliporudi, alizunguka kibanda akikisifu, huku simu yake ikilia kila mara kwa habari za gari la kuwabeba. "Kazi nzuri sana. Maelezo mmeyahakikisha?" aliuliza.

Makandi alimtazama Kinya. Kinya akasema, "Ndiyo, Mwalimu."

Basi mlango huo nao akaufunga kwa mkono wake mwenyewe. Kila aliyemsifu aliongeza kufuli nyingine. Alitamani augue kweli. Alitamani mvua iharibu nailoni. Lililomuuma zaidi ni kwamba Makandi alizidi kumpenda.

Maonyesho yalifanyika katika ukumbi wa shule moja mtaani Kaaga. Kulikuwa na meza za kila namna: biogesi, sabuni ya parachichi, mashine ya kufukuza ndege katika shamba la mtama. Kinya aliingia ndani ya kibanda, nailoni ikashushwa nyuma yake, na Makandi akaifunga kwa pini ili mwanga usipenye.

Joto lilikuwa kali humo na harufu ya nailoni ilimzidi. Hakuweza kusimama wala kunyoosha miguu. Makaa yalimgonga usoni kila gurudumu lilipozunguka. Kupitia tundu aliona kipande kidogo tu cha ukumbi: viatu vya jaji, na nyuma kidogo mwanamume aliyevaa koti la kazi, kofia mkononi, akitabasamu. Alikuwa baba yake Makandi.

Jaji aliitwa Bi. Wambeti, mwalimu wa fizikia kutoka Embu. Alimsikiliza Makandi huku akiandika. Makandi alieleza vizuri kuzaliwa kwa nyota, ulafi wa nyota kubwa, na uzee wa Jua. Kisha akafika kwenye makaa.

"Kwa hivyo maada ya giza ni nyota zilizokufa," alimalizia kwa sauti ya ushindi.

"Mmejuaje?" Bi. Wambeti aliuliza kwa upole.

"Imeandikwa kitabuni."

"Kitabu gani, mwanangu?"

Ndani ya kibanda, mkono wa Kinya ulikuwa bado unazungusha gurudumu.

"Jina lake silikumbuki, Madam," Makandi alisema, sauti ikaanza kutetemeka. "Lakini ni kweli. Mwenzangu amekisoma. Yeye hawezi kunidanganya."

Kinya aliacha kuzungusha. Kupitia tundu aliona kuwa baba yake Makandi hatabasamu tena, anageuzageuza kofia. Kama angenyamaza, jaji angepita meza nyingine, na aibu yote ingebaki kwa Makandi. Hakuna ambaye angejua. Kinya alielewa jambo hilo kwa uwazi kabisa, na likamtisha kuliko adhabu yoyote. Akatafuta pini gizani, hakuziona, akaisukuma nailoni kwa mabega yote mawili. Ilipasuka. Akatokea ukumbini akitambaa, jasho likimtiririka, uso mzima masizi.

Watu wa meza jirani wakaangua kicheko. Kinya akasimama.

"Hakuna kitabu," alisema. "Nilibuni mwenyewe nikiwaza makaa ya mama yangu jikoni. Halafu nikamdanganya Makandi kwamba nimesoma. Jumatatu niligundua kuwa si kweli, nikanyamaza. Yeye hana kosa lolote, Madam. Usimlaumu."

Makandi alimtazama kana kwamba hajawahi kumwona. "Jumatatu?" aliuliza. "Ulijua tangu Jumatatu, na ukaniacha nimwite baba?"

Kinya alilia papo hapo, mbele ya meza ya sabuni na ya biogesi.

Bi. Wambeti aliiweka kalamu yake chini. "Kinya, wazo lako halikuwa la kijinga. Wataalamu wenyewe waliwahi kujiuliza kama ni nyota zilizofifia zinazovuta hivyo. Tofauti ni kwamba walikwenda kutafuta, wakakuta hazitoshi, na wakasema wazi kwamba hazitoshi. Sasa hebu niambieni, maada ya giza ni nini?"

Kinya alijipangusa machozi na kuzidi kujipaka masizi. "Hatujui, Madam. Tunajua tu kwamba kitu kipo, kwa sababu nyota hazichopoki."

"Hilo ndilo jibu sahihi tulilo nalo leo. Nitamaliza meza zile za upande wa pili, kisha nitarudi."

Aliporudi, makaa yote yalikuwa yameondolewa. Wasichana hao wawili walikuwa wameyafungua pamoja, kila mmoja upande wake. Makandi alieleza upya, sauti imekauka lakini haitetemeki, na alipofika kwenye fumbo alisema kwamba halijatatuliwa. Baba yake alisikiliza mpaka mwisho, akampigia makofi peke yake.

Walikuwa wa tatu. Shule mbili tu ndizo zilizopita kwenda mbele, na yao haikuwamo. Bi. Wambeti hakuficha sababu: alama za ushahidi zilikuwa zimekatwa, na ilistahili.

Nje, wakingoja gari, Mwalimu Kaimenyi aliwaketisha kwenye nyasi. Hakufoka. "Mimi pia nina lawama," alisema. "Niliwauliza kwa mdomo tu, nikaridhika. Lakini wewe Kinya, nataka uelewe kosa lako lilikuwa wapi. Kudhani si kosa, sayansi yote huanza kwa kudhani. Kukosea pia si kosa. Ulikosa pale ulipolivika wazo lako cheo cha ukweli ili watu wakustahi, kisha ukamweka rafiki yako mbele na wewe ukajificha ndani. Mtu mkweli husema, hili najua, hili nadhani, na hili silijui. Ukiweza kuyatenga hayo matatu, hakuna atakayekufungia popote."

"Ndiyo, Mwalimu," Kinya alisema, na safari hii alimaanisha.

Mwalimu alipoondoka kwenda kulipokea gari, Makandi alikaa aking'oa nyasi.

"Bado nimekukasirikia," alisema hatimaye.

"Najua."

"Usiniharakishe. Labda Jumatatu nitakuwa nimepoa, labda bado."

"Nitangoja," Kinya alisema. "Na ukirudia mradi wa viazi, nitakubebea hata magunia."

Makandi hakucheka, ila alisogea akampa kona safi ya leso yake. "Kuanzia leo, kila utakaloniambia nitakuuliza umejuaje. Hata ukisema kuna mvua."

"Niulize," Kinya alisema, akaipokea leso na kuanza kufuta masizi usoni.