Bunduki Iliyofukizwa Udi

Jumamosi ile nilimsindikiza Vinod kununua bunduki.

Ilikuwa Desemba ya mwaka sabini na mbili, saa kumi jioni, na giza la majira ya baridi limeshaanza kufunga. Uwanja wa Wembley ulinguruma kwa mechi. Tulipita kando ya ukuta, vichwa tumeviinamisha. Vinod alikuwa mgeni kutoka Kampala, mwenye sanduku moja tu, na shangazi yangu, Bi Mwanabaraka, alimpangisha chumba cha juu. Shangazi ni Mpemba. Naye alifika London kwa kukimbia, miaka minane kabla yake.

Wiki hiyo vijana waliotaka turudi kwetu walitumbukiza kitambaa kinachowaka kwenye tundu la barua mlangoni. Tulikizima kwa maji ya wali.

"Kampala mimi nakimbia," Vinod aliniambia, kwa Kiswahili chake cha dukani. "Hapa hapana kimbia tena, Ameir. Kwisha."

Duka liliuza vitu vya jeshi vilivyokwisha kazi: makoti, helmeti, viatu vya maiti wasiojulikana. Mwenye duka aliitoa bunduki nyuma ya pazia. Ya gwaride, alisema. Mtutu umezibwa kwa chuma, haiui hata panya.

"Wale hapana jua imezibwa," Vinod akaninong'oneza.

Niliibeba mimi. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani, na baridi ya chuma ilipenya glavu. Mbao yake ilikuwa na rangi ya tende na harufu ya mafuta ya zamani. Mahali mpigaji anapolaza shavu palikuwa pamelika, laini kama kisigino cha mtoto. Nikalaza shavu langu hapo.

Palikuwa na joto.

Joto la mto ambao mtu ameinuka sasa hivi.

Nikaishusha, Vinod akalipa.

Nyumbani, shangazi alikuwa bado kazini hospitali. Sheria yake tuliijua: kitu cha mtumba hakivuki kizingiti kabla ya kufukizwa. Shati, sufuria, hata mwavuli. Nikafungua kopo la ubani. Tupu. Pembeni yake palikuwa na udi, ule aliouweka kwa ajili ya wageni wa heshima. Moshi ni moshi, nikajiambia. Nikautia kwenye chetezo.

Vinod aliishika bunduki juu ya moshi, pale mlangoni, akicheka.

"Karibu, bwana mkubwa! Hii nyumba yako. Kaa starehe."

Moshi ulipanda. Ukajikunja. Ukaingia mtutuni, kwenye mtutu uliozibwa... na haukutoka.

Tuliificha kabatini, chini ya ngazi. Jumapili, jua lilipozama, tuliikuta juu, imesimama dirishani kwa Vinod, inaangalia barabara. Mimi nilidhani yeye. Yeye alidhani mimi.

Jumatatu nilirudi kutoka chuoni magharibi inaingia. Nilipofungua mlango harufu ikanipiga usoni.

Si udi.

Baruti.

Nilipanda ngazi. Vinod alikuwa gizani, dirishani, kitako cha bunduki begani, shavu limelala mahali pake.

"Vinod?"

Pumzi. Nzito. Kama za mtu aliyetoka mbali sana kwa miguu.

"Nionyeshe adui," alisema.

Koo lilikuwa la Vinod. Kiswahili hakikuwa chake. Kilikuwa safi, cha bara, cha mtu aliyezoea kupokea amri.

Chini, geti likalia. Shangazi aliingia na kapu lake, amejifunga skafu kichwani. Mtutu ukamfuata. Taratibu.

"Yule?"

"Yule ni shangazi! Weka chini!"

"Yule?"

Kidole kikakaza. Imezibwa, nilijiambia, imezibwa, imezibwa... Nikaudaka mtutu kwa mkono mtupu.

Ukaniunguza.

Nilipiga kelele. Shangazi akapanda na koti lake mwilini. Hakumtazama Vinod. Alinusa hewa, akanigeukia.

"Umefukiza nini?"

"Udi. Ubani ulikwisha."

"Ee Mola wangu! Ubani humtoa aliyemo. Udi humwambia akae. Umenikaribishia mgeni, mwanangu. Sasa nitamfukuzaje?"

Akasogea. Akasogea tena, mpaka mtutu ukagusa vifungo vya koti lake.

"Wewe nani?"

"Askari."

"Ulizikwa wapi?"

Mtutu haukusogea.

"Sikuzikwa. Nionyeshe adui," ile sauti ikasema, "niende zangu."

"Adui ninaye," shangazi akajibu. "Lakini ni wangu. Sikupi. Umeingia Jumamosi, umelala Jumapili. Kwetu mgeni siku mbili, ya tatu tunampa jembe. Umekula udi wangu. Utakataa kazi yangu?"

Mtutu ukaondoka kwenye vifungo. Kisha mikono ikashuka.

Tulimpeleka bustanini nyuma. Shangazi alimpa jembe alilolimia mchicha wakati wa joto. Udongo ulikuwa umeganda kama jiwe, naye akalima, akalima, bila kuhema.

"La nani?" akauliza mwishowe, shimo likiwa magotini.

"Lako."

Vinod akalia. Alilia kwa sauti mbili.

Aliilaza bunduki mwenyewe, kwa mikono miwili, kama anayemlaza mtu. Tukafukia. Hapo akaanguka. Alipoamka alituuliza nani kamtoa nje kwenye baridi bila soksi.

Tulimwambia yote. Akaangalia mikono yake.

"Sasa wale vijana nakuja?"

"Watatukuta," shangazi alisema.

Jioni iliyofuata alifungua mlango wa mbele, wazi kabisa, akapanga viti vyetu kizingitini. Hatukushika kitu. Wakaja. Mmoja alikuwa na chupa yenye kitambaa mdomoni. Nilimsikia Vinod akigonganisha meno, lakini hakuinuka.

"Fungeni geti," shangazi akawaambia, kwa Kiingereza chake cha wodini. "Mnaniingizia baridi."

Mwenye chupa alicheka. Halafu akaacha.

Walikuwa wanasikiliza.

Kuh... kuh... kuh...

Kutoka nyuma ya nyumba. Chuma kwenye udongo ulioganda.

Niligeuza shingo. Jembe lilikuwa jikoni, limeegemea ukuta, nilikoliweka.

Vijana waliondoka. Hawakukimbia, ila walitembea kama watu wanaojizuia kukimbia. Wa mwisho alifunga geti.

Kuh... kuh...

"Mama," Vinod alinong'ona. "Yeye natoka... ama naongeza shimo ingine?"

Shangazi alikaza skafu yake. Hakuinuka.

"Achimbe," alisema. "Jembe tumempa. Mlango hatumpi mtu."