Suruali ya Kinyozi

Siku ya kupima sukari, ukumbi wa mtaa ulijaa pomoni. Futi ya muuguzi ilikatika, basi fundi cherehani, aliyekuja kupimwa kama wengine, akavua yake shingoni na kuanza kupima viuno vya watu. Akafika kinyozi wa kona, shati jeupe limenyooka kwa pasi, tumbo limemtangulia.

“Dada, usikaze sana. Nitakosa mchumba.”

“Pumua, kaka. Mchumba hapatikani kwa kubana tumbo.”

Wakacheka, na mapenzi yakaanzia hapo. Kila asubuhi walitembea na kikundi cha mtaa, wakaacha soda, sukari ya kinyozi ikashuka. Suruali zake zikaanza kupwaya. Fundi hakutaka mpenzi wake achekwe barabarani, basi kila alipozichukua kuzipiga pasi alizipunguza kiuno, kimya kimya.

Mwezi wa tano wa matembezi hayo kinyozi akaacha kutembea. “Kazi nyingi, mpenzi,” alisema kwenye simu. Soda zikarudi. Wakagombana, wakanuniana. Kidonda kidogo cha kidole cha mguu kikaoza, na hospitali ikaukata mguu chini ya goti.

Fundi alimkuta kitandani, amekonda uso.

“Kwa nini uliacha, jamani?”

“Karatasi za vipimo vya muuguzi sikuziamini. Shahidi wangu ni suruali. Miezi minne, kiuno kilekile! Nikaona tunatembea bure.”

 Fundi angeweza kunyamaza.

“Nilikuwa nazipunguza mimi,” akasema.

Kinyozi akageukia ukutani. “Toka.”

Fundi alimpigia simu wiki sita, haikupokelewa. Hata cherehani ilimchukiza.

Kisha asubuhi moja magongo yakagonga sakafu ya duka lake. Kinyozi alisimama mlangoni, mguu mmoja wa suruali umefungwa kwa pini.

“Nimekukasirikia mpaka nimechoka,” alisema. “Na bado nakupenda, ndiyo tabu yangu. Muuguzi anasema huu mguu uliobaki utasalimika nikirudi kikundini. Wamekubali kutembea polepole.”

“Nitatembea nawe.”

“Basi nikatie hii suruali. Na nikishakuwa mume wako, ukipunguza kitu changu, niambie.”

Fundi akapiga magoti, akafungua pini, akaishusha futi kando ya kitambaa kitupu. Machozi yalimziba macho, akayafuta asome vizuri.

“Napunguza inchi kumi na mbili,” akasema kwa sauti.

“Nimesikia,” kinyozi akajibu.