Kasuku Aomba Maneno Yarudiwe

Kila jioni akitoka shuleni, Kasuku alipitia kwa shangazi yake mshonaji. Alifagia nyuzi huku akikariri Kijapani cha darasani: "Kikimasu, nitasikiliza. Kiite imasu, ninasikiliza. Kikimashita, nimesikiliza." Mdomo wake haukujua kupumzika, na jina la Kasuku likamkaa.

Siku hiyo fundi wa kike kutoka Japani alikuja kufunga mashine mpya ya kudarizi. Shangazi alikuwa ameweka akiba miaka mingi kuinunua, na fundi alikuwa na safari jioni ile ile. Kasuku akawa mkalimani. Uzi, sindano, swichi, yote aliyatafsiri bila kukwama.

"Haya, bingwa wangu!" shangazi alicheka. Kichwa cha Kasuku kikavimba.

Kisha fundi akaeleza jambo refu. Kila fundi alipovuta pumzi, Kasuku aliitikia, "Hai, kiite imasu," yaani ndiyo, ninasikiliza, kwani kwa Wajapani msikilizaji mwenye adabu hakai kimya. Kumbe alikuwa ameambulia neno moja tu, mafuta. Hata hivyo aliinama na kusema, "Kikimashita!" Fundi akaridhika, akaanza kufunga mkoba wake.

"Amesemaje?" shangazi aliuliza.

"Tutie mafuta."

"Wapi?"

"Eee... kila mahali."

Shangazi akachukua kopo, akaliinamisha juu ya mashine. Kasuku aliona aibu, lakini aliogopa zaidi kuiharibu mashine ile.

"Shangazi, ngoja! Nimekudanganya. Sikuelewa." Akamgeukia fundi. "Sumimasen. Mō ichido onegai shimasu." Samahani, naomba urudie.

Fundi hakukunja uso. Aliweka mkoba chini, akaeleza polepole akionyesha kwa kidole: tone moja chini ya sindano, basi. Alipofika kwenye kisanduku cha nyaya za umeme, alitikisa kichwa kwa nguvu. Safari hii Kasuku alitafsiri kila sentensi kabla ya kupokea nyingine. Mashine ikawashwa, ikadarizi ua jekundu safi kabisa.

Fundi alipokwisha kuondoka, shangazi alimvuta Kasuku karibu.

"Tungemwaga mafuta pale kwenye nyaya, sasa hivi tungekuwa tunalia. Maneno ya adabu ni mazuri, mwanangu, lakini usiyatumie kufunika usichokijua. Kuuliza si ujinga. Leo umeona haya, ukasema kweli hivyo hivyo. Kesho njoo mapema, nikufundishe kuiendesha."