Mjomba wa Nyuma ya Gari

KUH: HARUFU ISIYOIDHINISHWA KATIKA GARI LA SERIKALI, NA MATUMIZI YA SABUNI KUPITA KIWANGO

Ndivyo ilivyoanza barua ya Inspekta Nyambu, mkuu wa kituo kimoja kidogo cha polisi kati ya Kitale na Bungoma, ambacho tutakisitiri jina. Nyambu aliamini hakuna balaa duniani lisilotulizwa na barua yenye nakala tatu. Aya ya pili ilimtaka Koplo Kiptanui aeleze kwa nini ameosha Landkruza mara kumi na moja kwa wiki moja. Aya ya tatu ilimkumbusha kwamba harufu, hata ikiwa mbaya namna gani, si kasoro ya injini.

Gari lilikuwa moja na kazi zake zilikuwa zote. Lilibeba walevi, lilibeba maiti, na Ijumaa lilibeba kabichi za mesi kutoka Kachibora, kwa mpangilio ambao hakuna mlaji aliyetaka kuuliza. Harufu ya maiti polisi waliijua na walikuwa na dawa yake: unapaka mafuta ya kikohozi puani, unatema mate, unatoa mzaha. Hii haikuwa hiyo. Ilinuka tumbaku mbichi na mafuta ya nyama choma yaliyolala. Kiptanui alilisugua benchi la nyuma kwa dawa ya choo asubuhi, na jioni akalikuta lina utando wa manjano unaovutika kama kamasi, umenasa nywele fupi za mtu na nzi waliokuwa bado wanapiga miguu.

Wiki hiyo alikuja mshauri kutoka makao makuu kutibu roho za maafisa. Walikuwa thelathini na wanne, akawapa saa moja na fomu. Je, unasumbuliwa na mambo uliyoyaona kazini? Hapana, kidogo, sana. Wote walitia alama kwenye hapana. Mwaka uliopita konstebo mmoja alisema sana, akanyang'anywa bunduki na kupewa kulinda stoo ya matairi, na mpaka leo jina lake ni Sana.

Kiptanui naye alitia hapana, akaenda nyumbani kula. Ugali aliula kwa kijiko, maana vidole vyake vilikuwa na ile harufu. Binti yake Cherop, wa miaka minne, akasogeza kiti mbali naye.

"Baba, hospitari ni wapi?"

Kijiko kikasimama njiani. "Umesemaje?"

"Hospitari. Mjomba wa nyuma ya gari anauliza. Anasema ulimwambia."

Mama mtoto alicheka, akidhani ni lugha ya watoto wa jirani. Kiptanui alitoka nje akatapika, na alichotapika kilikuwa na vipande vya majani ya tumbaku. Tangu siku hiyo Cherop hakukubali kushikwa naye. Akimnyooshea mikono, mtoto anaziba pua na kujificha nyuma ya kochi. Hilo ndilo lililomvunja. Maiti alikuwa amezizoea kwa miaka kumi na mitano. Kukimbiwa na mtoto wake hakukuzoea.

Jumanne, saa sita mchana, jua likiwaka, yeye na dereva wake, Konstebo Levi Mukhisa, walikuwa wakipeleka mochari ya Bungoma mwili wa bibi aliyekutwa amefariki shambani. Hawakuwa wamebeba kingine.

Ngo. Ngo. Ngo. Nyuma ya viti vyao.

"Ni machela hiyo," Levi alinong'ona.

"Machela haibishi hodi, bana."

"Afande, usiniambie kitu. Mimi nilijaza hapana."

Levi akakanyaga mafuta, na kadiri gari lilivyokimbia ndivyo kile kilichokuwa nyuma kilivyosogea, kikijikokota sakafuni kwa mlio wa nguo iliyolowa, mpaka pumzi yake ikaanza kupenya kwenye tundu za waya nyuma ya shingo zao, pumzi ya moto yenye tumbaku na damu na kitunguu, na Kiptanui, ambaye hakuthubutu kugeuka, akahisi tone zito likimwangukia kwenye kola na kuteremka mgongoni polepole, nayo sauti ya mtu mwenye adabu, mtu asiyetaka kusumbua wakubwa, ikauliza karibu kabisa na sikio lake:

"Afande, hospitari ni hapa?"

Mochari walipokewa na Fridah, mhudumu wa miaka ishirini. Alikuwa na desturi yake: kila maiti alimsalimu na kumwambia alipo. Akafungua mlango wa nyuma, akaangalia fomu, akaangalia ndani.

"Fomu ni moja. Mbona mmeleta wawili?"

"Ni mama mmoja tu," Kiptanui alisema.

"Mama ametulia. Nasema huyu wa benchi. Ni yule wenu wa friji namba tisa. Mwili mlinipa wiki tatu zilizopita, mwenyewe amekataa kushuka." Akaziba pua, yeye ambaye hula chapati katika chumba cha maiti. "Maiti huambiwa anapopelekwa. Asipoambiwa ukweli, hashuki. Nyinyi mlimwambia nini?"

Levi alitazama viatu vyake.

"Si nawauliza?"

"Nilimwambia atulie," Kiptanui alisema. "Kwamba tunampeleka hospitali."

Fridah akafunga daftari lake taratibu. "Hakuna anayemwambia maiti hivyo."

Akatoa fomu ya friji namba tisa.

"Na kwenye fomu mmeandika asiyejulikana."

"Tulimjua," Levi alisema. "Alitutajia jina."

"Basi panda ukamwambie, koplo. Kisha uandike. Usipoandika ataendelea kumuuliza yule atakayemsikia."

Kiptanui alifikiria mdomo mdogo wa Cherop, akapanda. Alipiga magoti kwenye ule utando, viganja vikazama hadi vifundo, na ndani yake kulikuwa na joto kama la mwili. Akaita jina. Akasema yote, kwa sauti ndogo, na mwisho akasema pole. Gari likainuka kidogo kwa springi zake, kama linavyoinuka mtu mzito anaposhuka. Nyayo za mafuta zikaonekana kwenye saruji, moja moja, moja ikiburuzwa, zikielekea friji namba tisa.

"Karibu, Wabwile," Fridah alisema. "Hapa ni mochari. Umekufa. Pole."

Jioni ile Inspekta Nyambu aliisoma rasimu ya Kiptanui mara mbili. Alipendekeza iitwe marekebisho madogo ya kumbukumbu, na akauliza kama neno nyama ni la lazima. Kiptanui alisema ni la lazima. Akakifungua kitabu cha matukio, akaandika kwa mkono wake:

Wabwile, mkulima wa tumbaku wa Malakisi, alikuwa hai tulipomtoa chini ya lori karibu na Ndalu. Tuliona hatafika. Tulisimama kwenye bucha, tukala nyama, nikaiga anavyotamka hospitali, tukacheka. Tuliporudi garini alikuwa amekufa.