Kuku Kumi na Wanne

"Uzi nimekuja nao," kijana alisema, akauweka juu ya meza ya cherehani taratibu, kama mtu anayetoa mahari.

Navalayo aliinua macho. Ilikuwa Jumamosi, siku ambayo mji wa Kakamega hujaa watu hadi barabarani, na kwenye baraza la duka la vitambaa mafundi watano walikuwa wamepanga cherehani zao bega kwa bega. Kila mmoja alikuwa na foleni yake: sare za shule, zipu zilizofumuka, magauni ya watu waliokumbuka harusi asubuhi ile ile. Katikati ya purukushani hiyo alisimama kijana mrefu, sweta imefungwa vifungo hadi kooni ilhali jua linachoma, mkononi ameshika shati jeupe.

"Nikufanyie nini?"

"Kola imechakaa. Nataka uifumue, upande wa chini uje juu, uishone tena."

Gentrix, fundi wa cherehani ya pili, alicheka hadi akakosea mshono. Navalayo hakucheka, ila alibana midomo.

"Hiyo kazi nilifundishwa na khukhu, nyanya yangu. Tangu azikwe sijaombwa na mtu. Wewe una miaka mingapi?"

"Thelathini na moja. Shati lina saba. Ukiligeuza kola litafika tisa."

"Na likifika tisa?"

"Litapangusa vyombo."

"Na hilo sweta, mbona unajichoma hivyo?"

"Shati lenyewe ndilo hili nilikuwa nimevaa," alisema bila haya. "Nimelivulia pale kwa choo cha soko. Niko na mkutano wa wakulima wa miwa saa nane."

Sasa Navalayo alicheka. Wanaume wachoyo alikuwa amewaona wengi, wale wa kubishania shilingi kumi kama watoto wanaogombania ukoko. Huyu hakubisha. Aliambiwa bei, akalipa yote, akashukuru, akaikagua kola kwa kidole gumba na kusema ni kazi safi. Jina lake lilikuwa Sifuna, wa Matete. Aliomba namba ya simu.

"Nitakupigia Jumatano jioni, saa kumi na mbili."

"Kwa nini isiwe kesho?"

"Dakika nanunuanga za wiki nzima. Za kesho zina wenyewe."

Jumatano ilipofika, Navalayo alijiambia kwamba hangojei simu ya mtu. Saa kumi na mbili kasoro dakika moja alikuwa ameishika mkononi.

"Malkia wa uzi, umeshindaje?"

"Salama, Bwana Bajeti. Leo tumepewa dakika ngapi?"

"Kumi na mbili. Nne za habari zako, nne za zangu, nne za kunyamaza."

"Unanunua dakika ili unyamaze?"

"Nikisikia unapumua, natosheka."

Mapenzi yao yalikwenda hivyo, kwa mwendo wa Jumatano na Jumapili. Hakumletea maua. Alimletea viazi vitamu na ndizi za kuiva, na siku moja mfuko wa vifungo alivyokuwa amevikata kwenye nguo kuukuu kwa miaka mingi, vya kila rangi. Gentrix alisema hilo si penzi, ni kuhamisha takataka. Navalayo alivipanga vifungo kwenye chupa, akaiweka pale anapoweza kuiona.

Jumapili moja, wakiwa wamekaa kwenye nyasi za bustani ya Muliro Gardens na mahindi ya kuchemsha, Sifuna alimweleza mwaka wake. Baba alipofariki alimwachia mashamba mawili ya miwa, na yeye huyapishanisha ili kila Januari shamba moja livunwe. Pesa zikishaingia hakuna nyingine hadi Januari nyingine. Kwa hiyo wiki ile ile hununua vya mwaka: chumvi, sukari, mafuta, miche ya sabuni anayoikata vipande kwa uzi na kuvifungia kwenye sanduku la bati. Kila tarehe moja hufungua sanduku, akatoa vya mwezi, akafunga. Kinachosalia kinakwenda kwa dadake, Mitchel, aliye mwaka wa mwisho wa chuo cha uuguzi.

"Na kuku wa mama?" Navalayo aliuliza kwa utani. "Hao nao wako kwenye sanduku?"

"Hao ni nauli ya Mitchel na kodi ya chumba chake."

Msichana mwingine angeanza kutafuta kiatu chake pale. Navalayo alimpenda zaidi. Alikulia Khayega, kwa babake, Mzee Willis, mwanamume aliyefuga fahali wa kupigana. Fahali yule alilishwa molasi na watoto wakala ugali kwa chumvi. Siku akishinda, mji mzima ulikuja kwao kuimba, mbuzi akachinjwa, pombe ya busaa ikamiminwa, na mzee akagawa mpaka shilingi ya mwisho huku akisifiwa kwa mikono yake mipana. Wageni wakiondoka, mamake Navalayo alizunguka kwa majirani na bakuli la kuomba unga. Msichana aliapa kwamba ataolewa na mtu anayejua kwamba mwaka una miezi kumi na miwili. Sasa alikuwa amempata, na juu ya hayo ana macho mazuri.

Mwezi wa nane Sifuna alisema, "Mama anataka kukuona. Njoo Alhamisi."

Navalayo alijishonea gauni la kitenge cha rangi ya kunde, lenye mikono ya puto na kiuno kilichobanwa, akalifumua mara mbili kabla ya kuridhika. Alinunua mkate na kilo mbili za sukari. Gentrix alimfunga kilemba na kumpa wosia.

"Wewe ni Mluhya, sina haja ya kukufundisha. Kuku, ile ingokho yetu, ikichinjwa, umepokewa. Usipoiona, shika mfuko wako urudi."

"Itachinjwa, dada. Watu wa Matete si wanyama."

Boma lilikuwa limefagiliwa vizuri, na kuku walitembea ndani yake kwa madaha. Navalayo aliwahesabu bila kukusudia: kumi na wanne, na jogoo mmoja kati yao mwekundu, mnene, mwenye kiburi cha chifu. Mama Teresa, mamake Sifuna, alimpokea kwa mikono miwili, akamwita mwanangu, akamwuliza habari za kwao. Lakini kadiri jua lilivyopanda, mama alizidi kutazama chini. Jikoni hapakusikika mbio wala kelele za kuku. Sifuna naye alikuwa na furaha isiyo kifani. Alimpa Navalayo ndoo wakateke maji pamoja, akamwonyesha sanduku la bati, akamwonyesha hata mahali jembe linapokaa.

Chakula kikaja. Obusuma, yaani ugali, mboga ya mrenda, na dagaa wa omena kidogo kwenye kibakuli.

"Kula, mama," Mama Teresa alisema kwa sauti ndogo. "Mboga iko."

Navalayo alikula. Alisifu mrenda. Jogoo alikuja hadi mlangoni akasimama akimtazama, na yeye akahisi machozi yakipanda, akayameza pamoja na tonge. Jirani aliyepita kusalimia alichungulia sahani, akamtazama mgeni, akaaga haraka. Hiyo ndiyo iliyomuuma kuliko zote. Kufikia jioni kijiji kizima kingejua kwamba msichana wa Sifuna ameonyeshwa njia.

"Umeonaje kwetu?" Sifuna aliuliza akimsindikiza hadi barabarani, meno yote nje.

"Kuzuri," Navalayo alijibu, akapanda gari bila kugeuka.

Jumapili simu ililia, hakuishika. Jumatano pia. Wiki ya tatu Sifuna alianza kupiga siku zisizo zake, Jumatatu, Ijumaa, mara mbili kwa siku, na Navalayo alijua dakika za siku hizo zina wenyewe. Bado hakushika. Alikuwa na aibu, na chini ya aibu alikuwa na uchungu, na mambo haya mawili yakikaa kwenye kifua kimoja hayampi mtu usingizi. Alishona suruali ya mteja mguu mmoja mfupi. Alilia juu ya sare za shule.

"Mwache," Gentrix alimwambia. "Mtu akikunyima kuku ukiwa mchumba, ukiwa mke atakunyima moshi wake."

Jambo lililomchanganya Navalayo ni kwamba alijiona amefanana na babake. Yeye, aliyelaani karamu tangu utotoni, alikuwa analilia nyama. Alijiuliza kama anataka kuolewa na mwaka wenye miezi kumi na miwili, au anataka siku moja tu ya kuimbiwa.

Sifuna alikuja mwezi wa kumi, siku ya Jumanne, baraza likiwa na mafundi wawili tu. Alikuwa amekonda. Gentrix alimwona, akakumbuka ghafla kwamba anahitaji sindano, akaingia dukani, ingawa hakwenda mbali na mlango.

"Navalayo, nimekukosea nini?"

Aliendelea kukanyaga cherehani. "Muulize jogoo wenu."

Sifuna aliketi kwenye kigoda cha wateja. "Mama alikuwa ameshamshika. Mimi ndiye nilimwambia amwachilie."

Cherehani ilisimama.

"Nilimwambia huyu si mgeni. Mgeni anachinjiwa, anakula, anaenda. Huyu mimi nataka akae. Nikateka nawe maji, nikakuonyesha jembe. Nilitaka uone Alhamisi yetu vile iko, ndio usije ukaolewa kwa kuku halafu uamkie mrenda."

Kumbe ndiyo hivyo. Navalayo alihisi moyo wake unalegea, na hapo hapo akahisi hasira mpya, safi kuliko ile ya kwanza.

"Sifuna, msichana akienda kwa watu akarudi bila kuonja kuku, ameambiwa nini?"

"Ameambiwa asirudi."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua. Lakini nilidhani wewe utaelewa."

"Ningeelewa vipi? Ulinieleza? Na mamako, anasemaje?"

Sifuna alitazama viatu vyake. "Anaongea na mimi kidogo tu. Majirani wanamwambia alifukuza mkwe. Alilia, Navalayo."

"Na mimi nililia. Wanawake wawili, na wewe ulikuwa unafurahi." Aliusogeza mguu kutoka kwenye kanyagio, akageuka amtazame vizuri. Hakupaza sauti. "Nikuambie kuhusu baba. Unajua alikuwa anamaliza pesa. Lakini sijawahi kukuambia chenye kilikuwa kinamuuma mama. Si njaa. Alikuwa anatoka tu nje anaona mbuzi amefungwa, anajua leo kuna karamu. Hakuna siku mzee alimwuliza, mama watoto, unaonaje. Yeye alikuwa anatawanya peke yake. Wewe unabana peke yako. Mimi mwenye nimekaa katikati, tofauti ni gani?"

Sifuna alikuwa mtu aliyeubeba mwaka mzima mgongoni tangu akiwa na miaka kumi na tisa, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mzigo ule una mahali pa mtu wa pili kushika. Aliona haya, na haya yenyewe ilionekana wazi usoni, kwa sababu hakuwa mtu wa kuficha.

"Sikukuuliza," alisema mwishowe. "Hata mama sikumwuliza. Nilimwamuru."

"Ndiyo."

"Nilizoea hivyo. Baba alipokufa kila mtu alikuwa ananiangalia mimi."

"Najua. Hiyo sikulaumu." Na kweli hakumlaumu. Alimpenda, alikuwa amempenda wiki hizo zote za kutoshika simu, na aliona hakuna maana ya kulikana penzi hilo. "Lakini mimi sitaki kuingia kwa sanduku lako, nitolewe tarehe moja. Mimi nashona. Ninapata. Niko na akili. Nikila mrenda mwaka mzima nataka iwe tumekaa chini, tumesema, mwaka huu ni mrenda."

"Nikikuuliza sasa, nimechelewa?"

"Uliza nisikie."

Sifuna alivuta pumzi, akanyoosha mgongo, akaanza kwa sauti ya kanisani. "Navalayo binti Willis, utakubali—"

"Si hilo," alimkata. "Hilo nimeshajijibu, nitakuambia siku nikipenda. Hujui kuuliza, Sifuna. Anza na dogo."

Kijana alifikiri. Dukani, Gentrix aliacha hata kujifanya anatafuta sindano.

"Leo mchana," Sifuna alisema taratibu, "ungetaka kula nini?"

Navalayo alifungua kinywa ajibu, akakuta hana jibu. Alitafuta. Alipita kwa vyakula vyote anavyovijua, vile vya kwao Khayega vilivyoliwa na wageni, vile alivyopikia nduguze kwa sababu ndivyo vilivyokuwepo, vile anavyonunua mchana kwa sababu ni rahisi. Alikuwa na miaka ishirini na saba, na swali hilo halijawahi kuletwa kwake na mtu yeyote. Macho yakamjaa maji, na safari hii hakuyameza.

"Ngoja," alisema, akijipangusa kwa kipande cha kitambaa cha mteja. "Ngoja kwanza nifikirie."

"Nangoja," Sifuna alisema, akakivuta kigoda karibu na cherehani, akakaa.