Mchumba Wangu Alikata Kamba Nikiwa Ziwani

"Kata, Placide! Kata!"

Ilikuwa sauti ya Jolie. Niliisikia vizuri kabisa, juu ya kelele za moteri, juu ya kelele za mdogo wangu Naomie aliyekuwa amening'ang'ania shingoni.

Na Placide akakata.

Hebu vuta picha. Uko juu ya mpira ziwani. Mchumba wako, mtu aliyebakiza wiki sita akuoe, anavuta kisu cha samaki chini ya kiti cha boti yake. Anakutazama machoni... halafu anakishusha juu ya kamba inayokuvuta.

Paaa!

Boti ikaenda na Jolie wake. Sisi tukabaki ndani ya maji.

Wengi wenu hii stori mnaijua. Mliisoma hapahapa kwenye ukurasa wangu Jumatatu ile ya Pasaka. Mlilia na mimi, mkatukana kwa niaba yangu, mkaisambaza mara elfu tatu na mia mbili. Leo naiandika tena, kwa sababu ile ya kwanza niliandika nusu.

Kaeni vizuri.

Naitwa Alliance, nauza dawa kwenye famasia moja hapa Uvira. Placide alikuwa na boti ya moteri, na siku za sikukuu alikuwa akistarehesha watu ziwani. Alikuwa na kayaki mbili za plastiki, jile za kuelea kumi na mbili, na kile kitu vijana walichokipenda kupita vyote: mpira wa ndani wa tairi la lori, umefungwa kamba ndefu nyuma ya boti. Unapanda, boti inakuvuta kasi, unaruka juu ya mawimbi unapiga kelele kama umerukwa na akili. Watu walitoka mpaka Runingu kwa moto, yaani pikipiki, kuja kupanda ule mpira!

Sasa, kwa msioijua Uvira ya siku hizi... ziwa lilipanda. Mtaa wetu wa zamani uko chini ya maji, mwaka wa tano huu. Nyumba yetu iko mle. Hata choo chetu kiko mle, samahani kwa mnaokula. Kuta nyingine zilianguka. Nyingine bado zimesimama humo chini, na nondo zake zimeelekea juu, hazionekani.

Kila mtu anaamini siku moja maji yatarudi yalikotoka. Kwa hiyo kila familia ilifunga bidoni tupu la mafuta, la njano, mbele ya kiwanja chake. Juu linaelea, chini kuna kamba na kitu kizito. Lile bidoni ndilo uzio wetu, ndilo hati yetu ya nyumba. Ukisimama ufukweni unayaona yamejipanga mistari miwili, na katikati ya ile mistari ndiyo avenyu yetu ya zamani.

Maboti yote hupita humo katikati, kwa sababu barabarani hakuna kuta. Placide alikuwa akisema, "Minye nafuata barabara, sawa na mutu wa moto tu."

Basi, Jumatatu ya Pasaka ufukwe ulijaa. Muziki, mishikaki ya mbuzi, watoto wanarushiana maji. Mimi na Naomie tulikuwa wa kwanza kupanda, maana mchumba wa kapiteni hapangi foleni! Naomie ana miaka kumi na saba na hajui kuogelea hata kidogo. Tangu mama yetu afariki, mimi ndiye mama yake, ingawa huniita yaya, dada mkubwa.

Placide alikuwa amesimama, maji yanamfika magotini, anatazama bidoni. Hakuwasha moteri. Alitazama muda mrefu mpaka nikaona aibu mbele za watu.

"Alliance, njoo uone. Hii avenyu naiona kama imehama."

Nikacheka. "Avenyu iko na miguu?"

"Siku zote bidoni ya kwenu iko sawasawa na ule munara wa simu. Leo iko pembeni."

"Ni mawimbi, Placide. Watu wanangoja! Naomie amevaa jile tangu saa tatu."

Akajikuna kichwa. Akanitazama tena.

"Uko na hakika?"

"Niko na hakika."

Akawasha moteri. Hayo maneno yawekeni mfukoni, tutayarudia.

Jolie alipanda naye. Huyu Jolie ni binti wa Papa Bonaventure, ambaye kabla ya maji kupanda nyumba yake ilitazamana na yetu, wao ng'ambo ya avenyu na sisi huku. Kazi ya Jolie botini ilikuwa kukaa kinyume, mgongo kwa kapiteni, macho kwenye mpira, aseme kama mtu ameanguka. Mrembo, sikatai. Na mimi, sikatai pia, wivu ulikuwa unanitafuna.

Raundi ya kwanza ilikuwa tamu. Naomie alicheka mpaka akakosa pumzi.

Raundi ya pili, boti ilipogeuka, kamba ililegea ikazama. Iliporudi kukaza... mpira haukwenda mbele. Uligeuka upande. Halafu ukaanza kuinama, kama kuna mtu anauvuta kutoka chini.

"Yaya, nini hiyo? Yaya!"

Maji yalinijaa mdomoni. Niliinua macho nikaona uso wa Jolie, macho yamemtoka.

"Kata, Placide! Kata!"

Na yeye akakata.

Mpira uliruka juu ukatutupa. Mkono wa Naomie ukanitoka. Nikasikia kilio kimoja tu, kifupi, halafu kimya. Maji ya kahawia yakaanza kuwa mekundu.

Placide aliruka kutoka botini akaogelea, akamtoa. Paja lilikuwa limechanika kutoka gotini mpaka karibu na nyonga. Ufukweni Placide alimlaza mchangani. Alivua shati akalifunga lile paja.

Mimi nilimpiga kofi mbele ya watu wote.

"Muuaji! Weye na malaya wako!"

Hospitalini, nikiwa bado nimelowa, nikachukua simu. Nikaweka picha ya kamba iliyokatwa. Nikaandika: MCHUMBA WANGU NA MPENZI WAKE WAMETAKA KUTUUA LEO. Mengine mnayajua, kwa sababu mliyasaidia kuwa makubwa.

Kabla jua halijazama, vijana walikuwa wamevunja boti yake kwa marteau, nyundo zile kubwa. Kayaki walizichoma, moshi mweusi tuliuona mpaka wodini. Placide akanitumia ujumbe mmoja tu: "Naomie iko aje?"

Nikaupiga picha nikauweka hapa. Nikaandika: MUUAJI ANAULIZA KAMA KAZI IMEKWISHA.

Mliweka vicheko na vilio. Mmoja wenu aliandika, "Dada, Mungu atakulipia." Niliposoma hapo nilizima simu.

Placide akahamia Kamanyola kwa shangazi yake. Jolie akawa hapiti tena sokoni, wanawake walikuwa wanamtemea mate. Na Naomie, siku moja nikimbadilisha bandeji, akaniambia taratibu:

"Yaya, kamba ilikuwa imenaswa. Niliona inaingia chini."

"Nyamaza! Weye ulikuwa umezimia."

"Sikuwa nimezimia, yaya."

Nilikaza ile bandeji mpaka akalia.

Wiki tano zikapita hivyo. Halafu Jumamosi moja, mchana kweupe, Jolie akaingia kwetu. Hakubisha hodi. Alikuwa na gunia kichwani, linachuruza maji bado, maana alikuwa amelitunza ndani ya pipa la maji ya ziwa. Akalitua katikati ya sebule.

"Fungua."

"Jolie, toka kwangu kabla sijaita watu."

"Ita! Ita hata avenyu nzima. Lakini fungua kwanza."

Nikafungua.

Ndugu zangu...

Ilikuwa cherehani ya marehemu mama yetu. Kichwa cha cherehani, kimeshika kutu, kimefungwa kamba ya bluu shingoni. Na lile fundo nililifunga mimi kwa mikono yangu.

Sasa niwaambieni ile nusu niliyowaficha.

Ijumaa Kuu, saa tisa mchana. Watu wote wako Njia ya Msalaba. Ufukwe mtupu, hata mbwa hayupo. Mimi na kaka yangu Gédéon tumo ndani ya mtumbwi mdogo.

Kwa muda mrefu Gédéon alikuwa akisema kiwanja chetu ni kidogo, siku maji yakirudi hatutapata pa kujenga annexe, kijumba cha nyuma. Mimi nikamwambia, basi tusogeze bidoni. Ndiyo, mimi! Lile wazo ni langu. Jiwe la zamani lilikuwa limezama kwenye tope, likakataa kutoka. Tukakata kamba. Tukatafuta kitu kingine kizito nyumbani, tukachukua cherehani ya mama iliyokwisha kufa. Tukasogeza bidoni letu hatua kumi mbele, ndani ya avenyu.

Lakini hapo avenyu ikaonekana nyembamba, mtu yeyote angeshtuka. Basi tukavuka upande wa pili. Tukalichukua na bidoni la Papa Bonaventure tukalirudisha nyuma hatua kumi, ndani ya kiwanja chake mwenyewe, ili upana ubaki uleule.

Mnaelewa tulichofanya? Tuliiba barabara. Tuliibeba nzima nzima tukailaza juu ya kuta za jirani.

Na mchumba wangu, anayefuata barabara, siku tatu baada ya Ijumaa ile akaifuata hiyohiyo. Alipouliza kama imehama, mimi nilicheka. Nilidhani ameshtukia wizi wa kiwanja, basi nikaharakisha kumnyamazisha. Kuta hazikunijia akilini hata kidogo, naapa kwa kaburi la mama. Ila maji yalipokuwa mekundu... hapo nilijua. Nilijua kabla hata sijafika hospitalini. Kwa hiyo niliandika haraka, kabla mtu mwingine hajafikiri.

"Placide alizamia Jumanne, kesho yake ya ajali," Jolie akaniambia pale sebuleni. "Alitaka kujua kamba ilishikwa na nini. Ilishikwa na nondo za chumba changu, Alliance. Chumba nilikuwa nalala mule! Halafu akavuta bidoni ya kwenu, ikatoka hii mashini; akafunga jiwe pahali pake, hii akaniachia. Aliijua. Si yeye alikuwa anaipeleka kwa fundi, mama yako akiwa muzima?"

"Sasa... juu ya nini hamkusema?"

"Minye nilitaka. Yeye akakataa. Akasema, ngoja, Alliance atasema yeye mwenyewe. Nimengoja wiki tano. Nimechoka kutemewa mate."

Akatoka. Kwenye sakafu yalibaki maji ya ziwa.

Kesho yake asubuhi nilichukua moto mpaka Kamanyola. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilimkuta Placide kwenye shamba la shangazi yake, anapalilia muhogo. Amekonda. Mtu wa maji, na jembe mkononi.

"Naomie iko aje?" Ndilo neno lake la kwanza, lilelile.

"Anatembea na fimbo. Placide... ni minye. Minye na Gédéon tulisogeza bidoni."

"Najua."

"Boti haina freni, sasa nimeelewa. Ungengoja kidogo tu, ungetuburuza mpaka juu ya nondo."

"Najua, Alliance."

"Sasa kwa nini ulinyamaza? Wamevunja boti yako! Weye ulikuwa na mashini ya mama, ungeionyesha tu..."

Akaegemea jembe.

"Kama ningeionyesha, wale vijana wangekuja kwenu na marteau zilezile. Na Naomie iko mule mu nyumba, hawezi kukimbia."

Nililia. Nililia bila aibu, nikapiga magoti kwenye udongo, shangazi yake anatazama. Nikamwambia nitaandika ukweli wote. Nitanunua mbao kwa mshahara wangu, atajenga boti nyingine. Nikamwomba tuoane, hata bila sherehe.

Akauliza swali moja tu.

"Jolie alileta mashini lini?"

"Jana."

Akatikisa kichwa polepole.

"Kila siku nilikuwa naangalia ile njia. Nilisema, akikuja, hata asiponiomba musamaha, namuoa. Ungekuja juzi, Alliance. Hata juzi tu."

Akachukua jembe akarudi kwenye muhogo wake.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, mimi na Gédéon tulirudisha yale mabidoni mbele ya mtaa mzima. Papa Bonaventure alikuwa ufukweni. Hakutukana. Alisema tu, "Maji ilishaninyang'anya nyumba. Munaona ilikuwa haijatosha?" Hilo sitalisahau mpaka nazikwa.

Avenyu imerudi mahali pake. Naomie bado anachechemea. Jolie sasa anapita sokoni, kichwa juu, na mimi ndiye ninayeinamisha changu. Placide hajarudi, na sidhani kama atarudi.

Funzo langu ni hili, lichukueni au liacheni. Siku ukitaka kumwanika mtu mtandaoni, kaa kwanza ujiulize mikono yako mwenyewe ilikuwa inafanya nini Ijumaa ile. Na kama una ungamo, likimbize kabla halijaletwa kwako na gunia. Ukichelewa siku moja unaweza kusamehewa, lakini yule uliyemtaka atakuwa ameshaacha kuiangalia njia.

Ile ya kwanza mliisambaza mara elfu tatu na mia mbili.

Hii hapa. Jina lake ni Placide, na hakutaka kuniua. Nawaangalia.