Watasema Apanda Baiskeli

Mwinjuma alikuwa na mke, mtoto, shamba la mihogo na mbwa. Baiskeli ilikuja mwisho, na ndiyo iliyoleta balaa.

Nyumba yake ilikuwa Bagamoyo mjini, katika mtaa wa watu wa dini. Mtaani pale mbwa hatazamwi kwa jicho zuri. Majirani walipomwona Mwinjuma anarudi na mtoto wa mbwa, walinong'ona. Mwinjuma hakugombana na mtu. Alimpa mbwa wake jina la Watasema, akanyamaza. Kila alipomwita, majirani walijua wameshajibiwa.

Hakufuga mbwa kwa anasa. Shamba lake lilikuwa mbali, kwenye njia ya kwenda Lugoba, kando ya pori. Nguruwe mwitu walikuwa wakitoka porini kufukua mihogo. Mwaka uliotangulia, Watasema alikuwa bado mdogo. Nguruwe walikula shamba lote. Mwinjuma na watu wake wakabaki kula ndiga.

Wewe uliyeshiba huijui ndiga. Ni kiazi cha porini chenye sumu. Hukatwa vipande, hutiwa katika tenga, na tenga huzamishwa mtoni siku nyingi mpaka sumu itoke. Lakini njaa haina subira. Sada, mkewe Mwinjuma, alilitoa tenga mapema. Mtoto wao Mina akala, akalewa, akatoka povu mdomoni. Mina alipona, alhamdulillahi, lakini mama yake hakupona. Kila alipoliona lile tenga alitetemeka. Alilipandisha darini, akasema, "Baba Mina, sitaki kulishusha tena maisha yangu."

"Hutalishusha," alijibu Mwinjuma. Hiyo ndiyo ahadi aliyompa mkewe.

Mwaka huu Watasema alikuwa mbwa mzima. Kila siku baada ya sala ya alasiri, Mwinjuma alikwenda naye shambani kwa miguu. Mwinjuma alilala juu ya dungu, kile kibanda cha kulindia shamba. Watasema alilala chini ya dungu, karibu na moto. Nguruwe wakija, mbwa alibweka na kuwafukuza. Asubuhi wote wawili walirudi mjini. Mwinjuma hakuthubutu kumwacha mbwa peke yake shambani, kwa kuwa pori lile lilikuwa na chui, na chui humpenda mbwa kuliko mbuzi.

Mihogo ikastawi. Sada alianza kuimba tena jikoni.

Ndipo baiskeli ilipokuja. Msabaha, kaka yake Mwinjuma, alipata kazi bandarini Dar es Salaam, akamwachia mdogo wake baiskeli yake. Mwinjuma aliipenda kama mtoto apendavyo ngoma mpya. Alikwenda nayo sokoni, alikwenda nayo msikitini, na bila shaka alitaka kwenda nayo shambani.

"Na Watasema je?" aliuliza Sada.

"Atakimbia. Mimi nina miguu miwili tu na nilikuwa nafika. Yeye anayo minne."

"Si afadhali umpakie nyuma?"

Mwinjuma alicheka. "Nimpakie mbwa kwenye baiskeli ninayokwendea msikitini? Mate yake yanidondokee, udhu wangu uvunjike? Mama Mina, acha mzaha."

Mbwa akikimbia huru alikuwa akigusa kanzu za watu njiani, na watu wakilalamika. Kwa hiyo Mwinjuma alichukua kamba ya usumba wa nazi. Ncha moja aliifunga shingoni mwa Watasema, na ncha ya pili aliifunga chini ya kiti cha baiskeli. Tena, kwa kuwa njia sasa imekuwa fupi, akaanza kutoka mara baada ya adhuhuri, ili awahi kupalilia. Miezi ile ilikuwa ya kaskazi. Saa zile mchanga wa njia huwaka moto.

Watasema akakimbia. Angefanya nini? Mbwa hawezi kusema, "Bwana, nimechoka." Mwinjuma aliuona ulimi unaning'inia, akadhani ni furaha. Asubuhi alimwona anachechemea, akadhani ni uvivu. Baiskeli mpya humpofusha mtu.

Siku moja Mwinjuma alichelewa, akakanyaga pedali kwa nguvu. Mbele kidogo, kando ya njia, palikuwa na mkorosho wenye kivuli. Watasema alikiona kile kivuli. Akakata njia ghafla kukikimbilia. Kamba ikaingia kwenye gurudumu la nyuma, ikajizungusha, ikamvuta mbwa mpaka kwenye spoki. Baiskeli, mtu na mbwa vikaanguka pamoja.

Mwinjuma alisimama, goti linavuja damu. Watasema hakusimama. Shingo yake ilikuwa imekabwa. Mwinjuma alichomoa panga akaikata kamba. Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa umevunjika. Kisha akaziona nyayo za mbwa wake. Ngozi ilikuwa imetoka, na nyama nyekundu imejaa mchanga.

Mwinjuma alisimama pale mikono iko nyuma. Mbwa alikuwa amelowa mate na damu, naye hakujua amguse vipi. Machozi yalimtoka. Si kwa ajili ya mbwa peke yake. Aliiona mihogo yote inakwenda, na lile tenga linashuka darini.

"Mwinjuma! Unamtazama nini mnyama anakufa?"

Alikuwa Bi Tatu, jirani yake, anarudi kutoka shambani na mzigo wa kuni kichwani. Bi Tatu alizaliwa Miono, na baba yake alikuwa mwindaji wa nguruwe. Alikua na mbwa uani.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba. Mnyanyue."

"Bi Tatu, amelowa. Ni najisi."

Bi Tatu aliutua mzigo wake. "Maji ya kunawa yako tele Bagamoyo. Mbwa mwingine huna." Akatandaza gunia lake la shambani, akamlaza Watasema juu yake polepole, akamsogeza kivulini. Akamnywesha maji kutoka katika kibuyu chake, kidogo kidogo. Mengine akammwagia tumboni na miguuni.

Alipomaliza alisema, "Mwanangu, weka mgongo wa mkono wako kwenye mchanga ule wa njiani. Usiuondoe. Soma Alhamdu mpaka Amin."

Mwinjuma alichuchumaa, akaweka mkono, akaanza kusoma. Hakumaliza. Aliuvuta mkono kwa maumivu.

"Umefika wapi?"

"Maliki yaumiddin."

"Basi wewe mkono umekushinda hapo. Yeye umemkimbiza mpaka shambani, kila siku."

Mwinjuma aliinyanyua baiskeli. Waliweka gunia pamoja na mbwa juu ya keria, kile chuma cha kubebea mizigo nyuma ya baiskeli. Bi Tatu alimshikilia mbwa, Mwinjuma akaisukuma baiskeli, wakarudi mjini. Kuni za Bi Tatu zilibaki chini ya mkorosho.

Watasema alilala uani, chini ya banda la kuku. Bi Tatu aliufunga mguu wake kwa vijiti na kitambaa. Kila asubuhi Sada aliziosha nyayo kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, akazifunika inzi wasitue. Mina alimfukuzia kuku.

Mwinjuma alikwenda kulinda peke yake. Alipiga debe, alipiga kelele, aliwasha mioto. Siku za mwanzo nguruwe walikimbia. Kisha wakajua kwamba debe halina meno. Mtu peke yake hawezi kukesha kila siku, na hana pua ya kunusa nguruwe wangali mbali. Asubuhi moja Mwinjuma alishuka dunguni akakuta upande mzima wa shamba umefukuliwa. Mihogo michanga ilikuwa imetafunwa na kutupwa. Alikaa chini katikati ya shamba lake mpaka jua likapanda.

Aliporudi nyumbani, Sada alimtazama usoni. Aliweka ngazi, akapanda darini, akashuka na tenga. Alilipangusa vumbi, akaliweka mlangoni. Kisha akaingia ndani akalia.

"Mina," alisema Mwinjuma, "nenda kacheze nje." Hakutaka mtoto amwone na yeye akilia.

Bi Tatu aliingia kumtazama mgonjwa. Akaliona tenga. Akakaa kwenye kigoda.

"Imebaki mihogo kiasi gani shambani?"

"Nusu, Bi Tatu. Pengine haifiki nusu. Tumekwisha. Shamba liko kule, mbwa yuko huku, na njia hawezi kuitembea. Mguu umeunga upande. Hatakimbia tena, na mimi ndiye niliyemvunja."

"Ni wewe, ndiyo. Lakini nguruwe haogopi miguu ya mbwa. Anaogopa sauti yake. Watasema ana pua na ana mdomo. Mpakie."

"Na najisi?"

"Mimi si mwanachuoni. Nenda kamwulize Mwalimu Husseni. Usitunge sharia mwenyewe."

Mwinjuma alikwenda kwa Mwalimu Husseni, aliyesomesha watoto Kurani. Alimweleza yote, hata habari ya mikono yake kukaa nyuma. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mbwa wa kulinda shamba umeruhusiwa kumfuga," alisema Mwalimu. "Mate yake hayavunji udhu. Yananajisi pale yalipogusa tu, nawe unaosha pale mara saba, mara moja kwa udongo. Mbwa mkavu akigusa kitu kikavu, hakuna najisi. Mtengee sanduku lake na gunia lake. Vaa nguo ya shamba, na kanzu ya sala iweke mbali. Kuna taabu gani hapo?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Kwa nini hukuja kuuliza mapema?"

Mwinjuma aliinamisha kichwa. Wengi wetu ndivyo tulivyo. Twaogopa kuuliza jambo la mate ya mbwa, na uoga wetu huvunja mguu wa mnyama asiye na kosa.

Mwinjuma alipata sanduku tupu la sabuni. Alilifunga juu ya keria kwa vipande vya mpira wa tairi kuukuu, akalitikisa mpaka akahakikisha halichezi. Ndani akatandika gunia. Alipotaka kumtia mbwa ndani, Bi Tatu alimzuia.

"Polepole. Huyu anaiogopa baiskeli, na ana haki. Kwanza lifungue sanduku, uliweke chini. Chakula chake kiwe humo humo."

Mara ya kwanza Watasema hakukigusa chakula. Alipoiona baiskeli alijikojolea. Mwinjuma alikwenda nyuma ya nyumba akasimama huko peke yake. Lakini njaa ilimleta mbwa. Alikula, akazoea, mwisho akawa analala sandukuni kwa hiari yake. Ndipo sanduku likarudishwa juu ya keria. Sada aliishika baiskeli ikiwa imesimama, mbwa yumo ndani. Baadaye Mwinjuma aliisukuma kwa miguu uani, kisha mtaani. Majirani walicheka, na Mwinjuma hakuwasikia.

"Kamba sasa," alisema Bi Tatu. "Wataka kuifunga wapi?"

"Shingoni?"

"Akiruka, si utamnyonga? Mshonee ukanda mpana upite kifuani na nyuma ya miguu ya mbele. Uufunge kwenye sanduku, uwe mfupi, asiweze kuruka nje. Na kwenye baiskeli usimfunge kamba ya kumkimbiza tena. Hata mbwa mwenye miguu mizima."

"Nimekoma, Bi Tatu."

"Usimshindilie chakula kabla ya safari. Chukua maji yake. Simama kivulini umnyweshe, kwa sababu mbwa hatoki jasho kama wewe, hupoa kwa ulimi. Ukimwona anahema sana, usiseme anafurahi. Kwenye mteremko shika breki mapema, maana nyuma kuna uzito. Na jua likiwa kali ngoja alasiri, kama ulivyokuwa ukifanya zamani."

Siku walipokwenda, Mwinjuma aliendesha taratibu kama aliyebeba mayai. Walipofika kwenye mkorosho, Watasema alianza kutetemeka. Mwinjuma alisimama. Alimpa maji, akaongea naye mpaka akatulia. Kisha wakaendelea.

Jioni ile Watasema aliwekwa chini ya dungu, kando ya moto. Hakukimbia. Lakini nguruwe walipokaribia, aliwanusa kabla hawajaugusa mhogo hata mmoja, akabweka kwa nguvu zake zote. Mwinjuma akalipiga debe. Nguruwe walisikia sauti waliyoijua, wakarudi porini. Kesho yake walijaribu tena, wakarudi tena.

Shamba halikurudi lote. Upande uliofukuliwa ulibaki mashimo. Mguu wa Watasema nao haukurudi. Alitembea kwa mitatu mpaka mwisho wa umri wake. Kila Mwinjuma alipomwona anaruka-ruka uani, moyo ulimuuma, na hakuacha kuumwa. Tangu hapo, kabla ya kutoka, alichuchumaa njiani, akaweka mgongo wa mkono kwenye mchanga, akasoma Alhamdu. Asipofika Amin, aliirudisha baiskeli kivulini akangoja. Wapita njia walimwona, wakasema waliyoyasema.

Mihogo iliyosalia ilikomaa. Mwinjuma aliileta nyumbani gunia baada ya gunia, akaimwaga mbele ya Sada. Sada aliitazama muda mrefu, akaipima kwa macho, akamtazama na Mina.

"Itatufikisha kwenye mvua?" aliuliza Mwinjuma.

"Kwa kubana, itatufikisha."

Sada aliinuka, akalichukua lile tenga pale mlangoni. Mwinjuma akamshikia ngazi. Likarudi darini.